Upekechaji wa Ardhi na Uchukuaji wa Sampuli za Udongo: Kazi na Istilahi Zake

Tarehe 18 Oktoba 1913, huko Transcona, karibu na mji wa Winnipeg nchini Kanada, ghala kubwa la nafaka lililokuwa jipya kabisa lilianza kuzama. Jengo hilo la mapipa ya saruji lilikuwa na upana wa mita 23 na nusu hivi na urefu unaokaribia mita 60, na mapipa yake yalikuwa yakijazwa ngano kwa mara ya kwanza. Lilizama, likainama, na kesho yake lilikuwa limelala kwa pembe inayokaribia digrii 27, kuta zake zikiwa nzima. Waliolijenga hawakuwa wazembe. Walikuwa wameupima udongo kwa kuupakia mizigo pale penye kina cha msingi, nao ukaonekana mgumu wa kutosha. Ilipita miaka 38 kabla ya Ralph Peck na Bryant kutoboa matundu mahali hapo, mwaka 1951, na kukuta kwamba chini ya udongo ule mgumu kulikuwa na udongo wa mfinyanzi ulio laini zaidi, ambao vipimo vya juujuu havikuufikia.

Kazi ya kushuka chini ya ardhi na kurudi na kipande cha udongo kinachoweza kuaminiwa ndiyo inayoelezwa katika makala haya. Yamkini msomaji wa jarida la lugha atauliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu ya namna kazi yenyewe inavyofanywa. Katika Kenya, wanaoshika mitambo, wanaohesabu mapigo ya nyundo, na walio wa kwanza kuutia udongo mkononi unapotoka ardhini, aghalabu huzungumza Kiswahili. Ripoti nayo huandikwa kwa Kiingereza, na pengine na mtu ambaye hakuwapo tundu lilipokuwa likipekechwa. Baina ya kinywa cha fundi na kalamu ya mhandisi pana tafsiri inayofanyika kila siku bila ya kusimamiwa na mtu yeyote. Neno likikosewa hapo, kosa huingia katika hesabu za msingi wa jengo, na wala halionekani tena.

Udongo, mchanga na tope

Mfano ulio karibu zaidi ni neno mchanga. Katika Kiswahili sanifu, mchanga ni ule wa ufukweni na wa mtoni: chembe ngumu zinazoonekana kwa macho na zisizoshikamana zinapokauka. Lakini katika matumizi ya bara nchini Kenya, watu wengi huita mchanga kitu chochote kinacholimwa, kinachochimbwa au kinachochafua viatu. Mkulima wa huko husema kwamba mchanga wake una rutuba, na anayemsikiliza humwelewa bila taabu. Katika mazungumzo ya kawaida hapana madhara. Penye tundu la uchunguzi madhara yapo, kwani mchanga na udongo wa mfinyanzi hubeba mzigo kwa njia zisizofanana hata kidogo. Mchanga hupata nguvu zake kutokana na msuguano wa chembe, hupitisha maji upesi, na jengo lililo juu yake humaliza kutua mapema, mara nyingi wakati ujenzi ungali ukiendelea. Mfinyanzi hushika maji, huyaachia polepole mno, na jengo laweza kuendelea kutua kwa miaka mingi baada ya wenyewe kuhamia. Msimamizi akiambiwa kwamba katika mita ya tano wamekuta "mchanga", naye akaandika hivyo, amekwisha kuamua jambo kubwa bila ya kujua.

Wahandisi hutofautisha aina hizi kwa ukubwa wa chembe. Changarawe ni chembe za kuanzia milimita 2 hadi 60 hivi. Mchanga huanzia milimita 2 kushuka hadi 0.06, na mfinyanzi ni chini ya milimita 0.002. Baina ya mchanga na mfinyanzi kuna daraja ambalo Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina lake. Baadhi hulitumia neno mashapo, lakini neno hilo katika masomo ya jiografia limekwisha kupewa kazi nyingine, yaani chochote kilichotuama kutoka katika maji au upepo, kikubwa kwa kidogo. Kuliita daraja la ukubwa kwa jina la asili yake ni kuchanganya mambo mawili. Wengine husema tope, lakini tope ni hali ya udongo uliolowa, si aina ya udongo. Kwa kuwa hapana neno lililo tayari, afadhali silti, ambalo angalau halidanganyi. Fundi kwa upande wake huijua silti bila ya jina: akiifinya kidogo mkononi ikiwa na maji na kuutikisa mkono, maji huja juu na kung'aa, na akiifinya tena, hutoweka. Mfinyanzi haufanyi hivyo.

Kuchimba, kupekecha, kupigilia

Kiingereza hutumia vitenzi vichache vya jumla kwa kazi hii yote. Kiswahili kina vitenzi vinavyotenga njia moja na nyingine, navyo vyafaa kushikwa, visije vikamezwa vyote na kitenzi kuchimba.

Kuchimba ni kazi ya sururu, jembe na beleshi, na kinachopatikana ni shimo. Shimo la uchunguzi lina faida ambayo mtambo wowote hauna, nayo ni kwamba mtu aweza kusimama mbele ya ukuta wake na kuziona tabaka zilivyopangana, nyufa zake, mizizi, na mahali maji yanapotiririkia. Kipande cha udongo hukatwa kwa kisu polepole, kikatolewa kama kilivyo. Upungufu wake ni kina. Zaidi ya mita tatu au nne kazi huwa ghali na ya hatari, na shimo lililopita mita 1.2 halifai kuingiwa bila ya kuta zake kuegemezwa kwa mbao, hata kama udongo waonekana kuwa imara. Watu hufukiwa katika mashimo mafupi kuliko walivyodhani.

Kupekecha ni kutoboa kwa kuzungusha, kama seremala afanyavyo kwa keekee, au kama wazee walivyopata moto kwa kijiti juu ya kijiti. Keekee ya udongo huzungushwa kwa mikono ya watu wawili na huweza kufika mita tano hivi katika udongo usio na mawe. Ikiendeshwa kwa injini hufika mbali zaidi. Kinachotoka kimevurugika, na tabaka za juu huweza kujipaka juu ya za chini wakati keekee inapandishwa, lakini aina ya udongo hutambulikana.

Kupigilia ni njia ya tatu. Nchini Uingereza mtambo ulioenea kwa muda mrefu ni ule wa miguu mitatu yenye kapi juu na winchi pembeni: chombo kizito cha chuma huinuliwa kwa waya na kuachwa kianguke, kikajikita katika udongo, kisha kikapandishwa na udongo wake. Katika mfinyanzi chombo hicho huwa bomba lililo wazi. Katika mchanga wenye maji huwa bomba lenye kilango chini, kinachofunguka kinaposhuka na kujifunga kinapopanda. Kuta za tundu huzuiliwa zisiporomoke kwa mabomba ya chuma yenye kipenyo cha milimita 150 au 200.

Hapa pana kosa moja linalostahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa mtendaji wake huwa hajui kama amelitenda. Mchanga ulio chini ya kiwango cha maji ya ardhini umetulia kwa sababu maji ya pande zote yamelingana. Fundi akilipandisha bomba lenye kilango kwa haraka, hulivuta kama bomba la sindano, na maji ndani ya tundu hushuka kuliko ya nje. Maji ya nje husukuma kuingia kupitia chini, na mchanga hububujika kama chemchemi, ukapanda ndani ya tundu. Mchanga uliokuwa umeshikamana vizuri kwa maelfu ya miaka hulegea katika dakika moja, na kipimo kitakachofuata kitasema kwamba ni legelege. Dawa yake ni rahisi: tundu lijazwe maji, kiwango chake kiwe juu ya kile cha nje, na chombo kipandishwe taratibu. Lakini dawa hiyo huhitaji mtu wa kuieleza kwa lugha inayoeleweka na mshika winchi, na ieleze sababu pamoja na amri. Mtu aliyepewa amri bila ya sababu huiacha mara msimamizi anapokwenda kula.

Kuhesabu mapigo

Jaribio linalotumika zaidi duniani katika kazi hii ni la kupigilia na kuhesabu. Asili yake ni Marekani, ambako Charles Gow alianza mwaka 1902 kuchukua sampuli kwa kupigilia bomba chini ya tundu. Bomba linalopasuka pande mbili kwa urefu lilifuata katika miaka ya 1920, na mwaka 1947 Karl Terzaghi aliliita jaribio hilo sanifu. Nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa milimita 760 na kuachwa ianguke. Bomba hupigiliwa milimita 450, katika hatua tatu za milimita 150 kila moja. Mapigo ya hatua ya kwanza huandikwa lakini hayatiwi katika hesabu, kwa sababu udongo wa juu kabisa umekwisha kuvurugwa na upekechaji. Jumla ya hatua ya pili na ya tatu ndiyo thamani ya N.

Kwa mchanga, Terzaghi na Peck walitoa mwaka 1948 mizani inayokumbukwa na kila mwanafunzi: chini ya mapigo 4 mchanga ni legelege mno, 4 hadi 10, legelege, 10 hadi 30, wa wastani, 30 hadi 50, ulioshikamana, na kupita 50, ulioshikamana sana. Ni mizani nyepesi na ndiyo sababu imedumu. Udhaifu wake ni kwamba tarakimu moja yaweza kuwa na maana mbili. Nyundo inayoinuliwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake njiani. Ile inayojiachia yenyewe hupoteza kidogo. Tangu miaka ya 1980 imekuwa desturi kuzirekebisha hesabu ili zilingane na nyundo inayofikisha asilimia 60 ya nguvu zake. Ripoti isiyosema ni nyundo gani iliyotumika imetoa nambari bila ya kipimo.

Jambo jingine halimo katika vitabu. Anayehesabu ni binadamu, mara nyingi kibarua, juani, huku injini ikinguruma. Yule anayehesabu kwa sauti, "ishirini na saba, ishirini na nane", huchelewa kuliko nyundo, kwa kuwa tarakimu za Kiswahili zinapopita kumi ni ndefu. Wengi hurudia moja hadi kumi na kukunja kidole. Si jambo la kuchekwa. Ni njia ya busara, na ingefaa ifundishwe, pamoja na chaki ya kutia alama tatu za milimita 150 juu ya fimbo kabla ya pigo la kwanza.

Sampuli iliyovurugwa na isiyovurugwa

Bomba la jaribio lililotajwa lina kipenyo cha nje cha milimita 51 na cha ndani milimita 35. Maana yake ni kwamba chuma kinachosukuma udongo pembeni kina eneo kubwa kuliko udongo unaoingia: uwiano wa chuma kwa udongo wapita asilimia 110. Udongo unaotoka humo hutambulikana kwa rangi na aina, lakini nguvu zake za asili zimekwisha kuharibiwa. Juul Hvorslev, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1949, alionyesha kwamba anayetaka sampuli nzuri ni lazima aushushe uwiano huo hadi asilimia 10 au 15. Bomba jembamba la Shelby, lenye kipenyo cha milimita 76 na ukuta usiofika milimita 2, hupata kama asilimia 10, nalo husukumwa kwa mwendo mmoja bila ya kupigwa. Bomba nene la Uingereza la milimita 100, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa chombo cha kila siku, lina uwiano wa kati ya asilimia 25 na 30. Kwa kanuni za Ulaya zilizotolewa mwaka 2006, bomba hilo halihesabiwi tena kuwa linatoa sampuli za daraja la kwanza miongoni mwa madaraja matano.

Juu ya istilahi, sampuli iliyovurugwa haina ubishi. Upande wa pili ndio mgumu. Kusema isiyovurugika ni kudai kwamba haiwezi kuvurugika, jambo lisilo kweli hata kwa jabali. Kusema isiyovurugwa ni kudai tu kwamba hakuna aliyeivuruga. Tofauti ya viambishi viwili hivi ni ndogo katika sikio, kubwa katika maana, na ya pili ndiyo inayofaa. Hata hiyo ni ya heshima zaidi kuliko ukweli, kwani udongo uliokuwa umebanwa na mita kumi za udongo mwingine, ukiondolewa mzigo huo, hutanuka kidogo, ukiwa mikononi mwa fundi hodari vipi.

Udongo mwekundu, udongo mweusi

Yaliyosemwa hadi hapa yametoka katika nchi za baridi. Udongo wa Kenya una tabia zake. Bwawa la Sasumua, huko Kinangop, lililojengwa katika miaka ya 1950 ili kuipatia Nairobi maji, lilijengwa kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao vipimo vya kawaida viliutilia shaka: ulikuwa na maji mengi mno na uzito mdogo mno kwa udongo wa bwawa. Hata hivyo ulikuwa na nguvu. Terzaghi aliueleza mwaka 1958: chembe zake za mfinyanzi zimefungamana katika vifundo vidogo vyenye matundu, vikawa kama punje, na maji mengi yamo ndani ya vifundo hivyo. Udongo huo ulionekana mbaya katika maabara kwa sababu maabara iliuuliza maswali ya udongo mwingine.

Kwa mchukua sampuli, somo ni la moja kwa moja. Madini ya udongo mwekundu wa aina hii hubadilika yakikaushwa, na hayarudi yalivyokuwa hata yakiloweshwa tena. Sampuli iliyoachwa juani tangu asubuhi hadi gari lifike jioni si udongo wa mahali pale tena. Ncha zote mbili za bomba zizibwe kwa nta papo hapo, kifuniko kitiwe, nao mzigo uwekwe kivulini. Jina la tundu, kina na upande wa juu viandikwe juu ya bomba lenyewe, si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana.

Upande wa kusini na mashariki wa Nairobi kuna udongo mweusi, ambao wataalamu wa udongo wa Tanzania wameuita wa mbuga, jina zuri kuliko lile la pamba lililotafsiriwa kutoka Kihindi cha Kiingereza. Huvimba unyeshewapo, hunywea na kupasuka ukaukapo, na huinua sakafu za nyumba nyepesi. Ukipimwa Februari kabla ya masika, huonekana mgumu kama tofali. Ukipimwa Mei, mguu huzama. Ripoti isiyotaja mwezi, kwa udongo huu, haina faida kubwa. Aghalabu haushuki sana, na wajenzi huuondoa wote hadi kufikia mwamba.

Je, ni mwamba kweli? Chini ya Nairobi kuna miamba ya volkano iliyooza kwa viwango mbalimbali, na ndani ya sehemu iliyooza hubakia majabali mazima, yaliyozungukwa na udongo pande zote. Mtambo ukigonga jabali kama hilo, sauti na ugumu ni ule ule wa mwamba mama. Kwa hiyo huendelea kupekechwa kwa mita tatu hivi ndani ya jiwe kabla ya kuamini. Kazi hiyo hufanywa na keekee ya mviringo yenye meno ya almasi, inayokata pembeni na kuacha katikati nguzo ya jiwe. Baadhi huiita nguzo hiyo kiini, lakini kiini ni kilichofichika ndani ya kitu, kama cha yai. Kiswahili kina mche, kama vile mche wa sabuni, yaani kitu kirefu kilichotolewa kizima. Mche wa mwamba hueleweka na fundi bila ya maelezo. Miche hupangwa sandukuni kwa mfuatano wa kina. Kwa kipimo cha Don Deere cha miaka ya 1960, vipande vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi hujumlishwa, na jumla hiyo hugawanywa kwa urefu wote uliopekechwa. Asilimia inayopatikana huonyesha jinsi mwamba ulivyopasuka. Mahali ambapo hakuna kilichotoka huwekwa kipande cha mbao chenye urefu ule ule, ili sanduku lisiseme uongo.

Mombasa na miji mingine ya mwambao, iliyojengwa kwa matumbawe juu ya matumbawe, ina tatizo jingine. Jiwe hilo la chokaa huliwa na maji ya mvua, likabaki na mapango ndani yake. Fimbo zinazoshuka sentimita chache kwa dakika hudumbukia ghafula nusu mita au zaidi, na maji ya kupoozea meno hutoweka yasirudi. Katika daftari la tundu, kudumbukia huko huandikwa papo hapo: saa, kina cha kuanzia, kina cha kuishia, na kama maji yalirudi. Mafundi wa pwani husema fimbo "imeangukia uwazi". Msimamizi anayeandika tu kwamba sehemu hiyo haikutoa mche ameandika kweli, lakini anayeisoma ofisini atadhani ni jiwe laini lililosagika, naye ataweka nguzo ya jengo juu ya pango.